Kila Mtu na Presha Yake

"Presha," alisema Mkuu wa kituo, akalisukuma faili kwa kidole kimoja, kama mtu anayerudisha sahani ya chakula asichokitaka. "Presha ya boila ilizidi, mpira wa mvuke ukachomoka, mwenye dobi akaungua, akafa. Kazi ya kuangalia presha ni ya fundi wa boila. Hakuiangalia. Sasa hapo unapeleleza nini?"

Sajini alilisogeza faili pembeni taratibu. Kituo kizima walimwita Kobe, na alishaacha kukasirikia jina hilo. Alifungua mfuko wa vielelezo, akatoa kipete cha chuma, ile klipu ya kubania mpira kwenye bomba, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Ilikuwa ukanda mwembamba wenye vitundu vilivyopangana mgongoni, na skrubu moja ya kuukaza.

"Mimi nina presha yangu kutoka juu," Mkuu aliendelea. "Wanalitaka faili kwa mwendesha mashtaka kabla ofisi hazijafungwa leo. Ukipata kitu, niletee kabla ya hapo. Usipopata, kesho asubuhi yule kijana anapanda kizimbani kwa kuua kwa uzembe."

"Afande, hii klipu haikukatika."

"Nimesema ilichomoka."

"Ingechomolewa na nguvu ya mvuke, meno ya skrubu yangekuwa yameliwa. Haya ni mazima. Mtu ameilegeza kwa bisibisi."

"Fundi ana bisibisi."

"Pale dobi wote wanalo, afande. Limening'inia ukutani, kila anayepita analiona."

Mkuu alimtazama, kisha akatazama saa yake.

"Nenda, Kobe. Ila leo tembea kama sungura."

Kwenye korido, juu ya benchi la wageni, alikuwa ameketi binti wa marehemu. Magotini alipakata bakuli la chakula lililofungwa kitambaa cha bluu. Tangu baba yake azikwe alikuwa akija nalo kila siku, na kila siku aliondoka nalo.

"Bado hujampelekea," Kobe alisema.

"Bado."

"Kitapoa."

"Hata cha jana kilipoa. Nilikirudisha nyumbani, kuku wakakila." Aliufungua mkunjo wa kitambaa, akaufunga tena. "Afande, mimi nina swali moja tu. Humo ndani kuna mchumba wangu, au kuna mtu aliyemuua baba yangu? Nikijibiwa, nitajua cha kufanya na hili bakuli."

"Nikijua mimi, utakuwa wa kwanza kujua."

"Watu wote wanasema presha, presha. Kama vile baba aliuawa na neno."

Kobe aliingia mahabusu.

Fundi wa boila alisimama alipomwona. Alikuwa kijana mrefu, na dari lile la chini lilimfanya ainamishe shingo kama mtu anayeomba radhi.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Nionyeshe mikono."

Aliinyoosha. Ncha za vidole zilikuwa ngumu, zimeungua na kupona mara nyingi. Kuanzia kifundo cha mkono hadi kwenye kiwiko, pande zote, ngozi ilikuwa safi. Kobe aliigeuza mikono ile taratibu, kama mnunuzi wa kitambaa anayetafuta tundu.

"Boila huwa unaijaza maji wakati gani?"

"Jioni, nikishazima moto. Nikijaza asubuhi, jirani yetu wa kuosha magari anakosa presha ya maji, anakuja kututukana. Mzee alitupatanisha. Sisi jioni, yeye asubuhi."

"Na siku ile?"

"Nilijaza jioni ya kuamkia siku hiyo, nikafunga geti, nikaenda zangu. Asubuhi nilipofika, nilikuta boila inawaka. Nikadhani labda Mzee kawahi. Nikatazama geji, presha iko juu kupita kawaida. Nikaanza kuvuta kuni nje. Ndipo nikasikia ukelele. Mzee alikuwa ameshaifungulia pasi namba moja."

"Geti ufunguo anao nani?"

"Mzee, mimi na Kaunta."

Kaunta alikuwa mdogo wake marehemu. Alipokea nguo za wateja pale mbele tangu dobi ilipofunguliwa, hata jina lake la kuzaliwa wafanyakazi walikuwa wameshalisahau.

"Haya yote mbona sikuyaona kwenye maelezo yako?"

"Niliyasema, afande. Aliyekuwa akiandika alichoka, akaandika 'presha ilizidi'. Mimi nilisema maneno mengi, likabaki moja."

*

Jirani wa kuosha magari aliitwa Povu, kwa sababu ya sabuni na kwa sababu ya mdomo. Kobe alimkuta amepiga magoti kando ya gurudumu, akisikiliza upepo ukiingia kwenye tairi.

"Polisi," Povu alisema bila kugeuka. "Nilijua mtakuja. Nimetishia mtu, kisha mtu amekufa."

"Ulimwambiaje?"

"Nilimwambia Mzee mbele za watu: iko siku nitakuonyesha presha. Nilikuwa na maana ya maji. Bomba la mtaa ni moja, wao wakifungulia huko, mimi huku napata machozi." Alisimama, akajifuta mikono kwenye suruali. "Lakini hiyo ilikuwa zamani. Tuliyamaliza. Alikuja mwenyewe hapa na binti yake, tukapeana mikono. Tangu hapo tuliishi kama ndugu."

"Ndugu wa namna gani?"

"Namna yoyote utakayo, afande. Wewe si unatafuta wa kumfunga?"

"Natafuta aliyefanya. Asubuhi ile ulikuwa wapi?"

"Hapahapa, naosha lori la mkaa. Muulize dereva, atakuambia nilivyotukana, maana ndiye aliyetukanwa kwa niaba ya dobi." Povu alionyesha bomba lililokuwa linatiririka. "Alfajiri, giza halijaisha vizuri, presha ya maji ikakatika. Nimempaka mtu sabuni gari zima, maji hakuna. Nikasema, huyu fundi wa boila amerudia mchezo wake. Baadaye yakarudi. Kisha ndiyo nikasikia kelele."

"Uliona mtu akiingia dobi?"

"Ukuta huo hapo, unauona mwenyewe. Nilisikia geti, basi. Geti lao linalia kama mbuzi."

"Lililia mara ngapi?"

Povu alifikiri.

"Likalia. Maji yakakatika, yakarudi. Likalia tena, mtu anatoka. Nilishangaa, maana fundi akishaingia huwa hatoki." Alimkazia macho Kobe. "Kumbe hakuwa fundi?"

"Sijasema hivyo."

"Hujasema, lakini umenyamaza vibaya."

Kobe alivuka uchochoro. Alikuwa amebeba mambo mawili. Kuna mtu alijaza maji alfajiri boila ambayo ilikuwa imeshajazwa jioni, jambo asilolifanya anayeijua. Na mtu huyo aliondoka kabla fundi hajafika.

*

Kaunta alimpokea kwa heshima zote. Alikuwa mtu mnene, shati jeupe limepigwa pasi, mikono mirefu, vifungo vimefungwa hadi kwenye vifundo. Chumba kilikuwa na joto na feni ilikuwa imekufa. Alijipepea kwa kipande cha kadibodi, jasho likimchuruzika nyuma ya masikio.

"Karibu, afande, karibu. Utusamehe, presha ya kazi ni kubwa, wateja wanataka nguo zao, na boila mmeifunga. Nami mwenyewe presha hainiachi. Siku ile ya msiba, wewe fikiria, nilikuwa kwenye kiti cha nesi pale zahanati, mkono umefungwa kile kitambaa, ndipo nikasikia ukelele. Kadi ninayo hapa."

Kobe alikuwa hajauliza kitu. Alipokea kadi, akaisoma, akairudisha.

"Pole sana, Baba Mdogo," alisema, kwa jina ambalo binti wa marehemu humwita. "Ulipofika hapa ulimkuta wapi kaka yako?"

"Walishamtoa uani. Mimi sikuingia ndani hata hatua moja. Sina moyo huo. Sijagusa mashine, sijagusa bomba, sijagusa chochote."

"Na kabla ya kwenda zahanati?"

"Nilitoka nyumbani moja kwa moja. Kichwa kilikuwa kinanigonga."

"Nitapita ndani kidogo."

"Pita, ni kwenu."

Chumba cha pasi kilikuwa kirefu, mashine zimepangwa upande mmoja, na juu yake bomba kuu la mvuke lililofungwa magunia. Boila ilikuwa baridi. Wanawake walikuwa wakimalizia nguo za wateja kwa pasi za umeme, na wote, pamoja na joto lile, walivaa makoti mazito ya kazi yenye mikono iliyofika kwenye vidole.

Mkubwa wao aliitwa Mama Kola, kwa sababu hakuna aliyeijua kola ya shati kama yeye. Alimsogezea Kobe kigoda kwa mguu, huku pasi yake ikiendelea.

"Kaa, mwanangu. Wanakuita Kobe, eti?"

"Wananiita."

"Mwenda pole hajikwai. Wenzio walikuja hapa mbiombio, wakachukua mpira na klipu, hawakuuliza hata maji yale sakafuni yametoka wapi."

"Maji gani?"

"Maji. Mvuke wa kijana wetu ni mkavu, ukitoka haulowanishi hata leso. Siku ile kulikuwa na dimbwi, Mzee amelala ndani yake. Boila ilishibishwa maji kupita kiasi, ikatapika." Aligeuza shati. "Hata mtoto wa dobi hafanyi hivyo."

Kobe aliliunganisha neno hilo na maneno ya Povu, akaendelea kama hakusikia la maana.

"Mzee alikuja kufanya nini kwenye pasi, na yeye ndiye tajiri?"

Wanawake wawili walitazamana, wakatabasamu kwa huzuni.

"Pasi ya kwanza," Mama Kola alisema. "Hujaambiwa? Mzee alianza udobi na pasi ya mkaa, barazani kwa watu. Akajiwekea mwiko: mashine haimfanyii kazi mtu kabla yeye hajapiga nguo moja. Kila asubuhi, pasi namba moja, anafungulia mwenyewe. Shati lake hilohilo alilolivua. Sisi tunasimama tunamsubiri kama ibada. Mtu mwingine akigusa kabla yake, siku hiyo hapikiki chai."

"Na wote wanajua."

"Hata mbwa wa Povu anajua."

Kobe alitazama pasi namba moja. Kipande cha bomba kilikuwa kimebaki wazi, bila mpira. Kama uzembe ungekuwa wa kila mahali, ungempata yeyote. Huu ulikuwa umetegwa mahali ambapo angeupata mtu mmoja tu, Mzee.

"Klipu hizi hufunguliwaje?"

"Zikiwa za moto. Mpira ukipoa unagandana na bomba, klipu haizunguki hata uiombee dua. Unasubiri mvuke uje kwenye bomba, mpira ulainike, ndiyo unaingiza bisibisi."

"Hamuungui?"

"Unashusha mikono ya koti, unafunga kitambaa kibichi hadi kwenye kiwiko. Vidole vitaungua kidogo, hivyo vimezoea. Mkono wenyewe hauguswi. Unafikiri tunavaa haya makoti kwa urembo?"

"Na anayekunja mikono ya shati?"

"Huyo ni mgeni wa mvuke. Anaona joto, anakunja. Anakunja siku ya kwanza tu. Siku ya pili hakunji tena."

Kobe alikwenda kwenye pasi namba mbili, akapiga magoti. Ili asichafue sare yake, alikunja mikono ya shati. Kuifikia klipu ilibidi mkono wa kushoto upite chini ya meza, katikati ya bomba na mguu wa mashine, uushike mpira, na wa kulia ndio uzungushe bisibisi. Hapakuwa na njia nyingine. Alijaribu. Mkono wake wa kushoto ulilalia mgongo wa klipu, na kadiri alivyolazimisha skrubu isiyozunguka ndivyo ulivyokandamizwa. Chuma kilikuwa baridi.

Alipoutoa, ngozi ilikuwa imechorwa alama: vijistari vifupi, kimoja juu ya kingine, kama ngazi ndogo.

Aliitazama mpaka ikafutika. Kisha akashusha mikono ya shati, akafunga vifungo.

"Mama Kola, hii dobi Mzee alikuwa amwachie nani?"

Pasi ya Mama Kola ilisimama kwa mara ya kwanza.

"Alitukusanya hapa, siku chache tu kabla. Akasema amechoka, mwisho wa mwezi funguo zote atampa kijana wa boila, kwa kuwa ndiye mkwe wake, na binti ndiye atakayepiga pasi ya kwanza."

"Kaunta alisemaje?"

"Alipiga makofi. Alipiga kuliko sisi wote. Mtu akipiga makofi namna ile, mwanangu, mimi humtazama mikono." Aliinua pasi, akashusha sauti. "Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Sisi nguo zote zinapita hapa, na bado hatukukiona."

*

Zahanati ilitazamana na dobi, ng'ambo ya barabara. Nesi alikuwa peke yake, akikunja vitambaa.

"Namkumbuka," alisema. "Alikuwa wa kwanza, nilikuwa sijavua hata viatu vya njiani. Akasema, nesi nipime, presha imenipanda. Nikamwambia akae kwanza, apumzike, presha haipimwi mtu akitoka kukimbia. Hakutaka. Alikuwa akitazama nje, kule kwao."

"Ilikuwa imepanda kweli?"

"Kweli kabisa. Mimi mwenyewe niliogopa, nikarudia kuipima. Nikamuuliza, kuna jambo gani limekushtua? Akasema hakuna."

"Ulimpima mkono upi?"

Nesi aliacha kukunja.

"Wa kulia. Ajabu umeuliza. Mimi hupima wa kushoto, kiti chenyewe nimekiweka upande huo. Nilipomwambia akunje shati akaruka, akasema wa kushoto una baridi yabisi, hautaki kuguswa. Ikabidi nizunguke meza nzima na mashine yangu."

"Umewahi kumpima kabla ya hapo?"

"Huyo? Miaka yote tuko ng'ambo ya barabara, hajawahi kuingia hapa hata kuomba maji."

Kobe alitazama jua kwenye kizingiti cha mlango. Kivuli kilikuwa kimeshaanza kurefuka. Kule kituoni, Mkuu angekuwa ameanza kutafuta mhuri.

"Nesi, mashine yako inabebeka?"

*

Walipoingia, binti wa marehemu alikuwa ameshafika. Kobe alikuwa amepiga simu kituoni aitwe. Alisimama upande wa ndani wa kaunta, kando ya baba yake mdogo, bakuli lake ameliweka juu ya nguo zilizokunjwa. Mama Kola na wenzake walisogea mlangoni, pasi zimezimwa.

"Baba Mdogo," Kobe alisema, "wewe ni shahidi. Faili likienda leo, kesho utasimama mahakamani. Umeniambia presha inakusumbua. Sitaki shahidi wangu aanguke mbele ya hakimu. Nesi akupime hapahapa, uko kwako."

"Asante, afande, lakini leo najisikia vizuri."

"Ni dakika moja."

Kaunta aliwatazama watu mlangoni. Akacheka kidogo, akavuta kiti, akakaa. Alikunja shati la mkono wa kulia, akauweka mezani.

Nesi alifunga kitambaa, akapampu, akasikiliza. Akaandika namba.

"Imepanda," alisema. "Sasa wa kushoto."

"Wa kushoto wa nini? Mtu ana damu mbili?"

"Tunalinganisha. Ndiyo kazi ilivyo."

"Ule una baridi yabisi. Nilikuambia."

"Nitafunga polepole."

Kaunta aliuvuta mkono wa kushoto, akauweka mapajani, chini ya kaunta. Jasho lilikuwa limeshaifikia kola.

Kobe alitoa klipu kwenye mfuko wa vielelezo, akaiweka juu ya meza, mbele yake. Ilitoa mlio mdogo.

"Hii imetoka pasi namba moja," alisema. "Asubuhi ya msiba kuna mtu aliingia hapa kabla ya fundi. Ana ufunguo, kwa sababu geti lilifunguliwa, halikuvunjwa. Haijui boila, kwa sababu aliijaza maji iliyokuwa imejaa, mpaka jirani akakosa maji. Akawasha moto, akasubiri mvuke, kwa sababu alishasikia wanawake wa humu wakisema klipu hufunguliwa ikiwa ya moto. Ila hakuwahi kuifungua mwenyewe. Akakunja mikono ya shati."

"Fundi ndiye—"

"Fundi nimemwangalia mikono. Haina kitu."

"Basi muulize Povu. Yeye ndiye alisema atamwonyesha kaka presha. Watu wote walisikia."

"Povu hana ufunguo. Na Povu hajafunga vifungo vya shati kwenye joto hili."

Nje, gari lilipita, likaacha vumbi mlangoni. Kaunta aliinua kadibodi ajipepee, akaishusha.

"Nilijiunguza nyumbani," alisema hatimaye. "Birika la chai. Hata mtu kuungua na chai siku hizi ni kesi?"

"Umesema ni baridi yabisi," Nesi alisema.

"Vyote viwili."

Binti aligeuka akamtazama baba yake mdogo, kwa karibu, kama mtu anayekagua doa ambalo halikutoka.

"Baba Mdogo. Fungua kifungo."

"Mwanangu, usiingie mambo ya—"

"Nimeshaingizwa. Fungua kifungo."

Kaunta alikitazama kile kifungo. Kisha mkono wa kulia, ambao bado ulikuwa na kitambaa cha nesi, ulikwenda wenyewe ukakifungua. Shati lilikuwa limegandana na kidonda, akauma meno alipolivuta.

Kwenye nyama ya mkono, chini kidogo ya kiwiko, palikuwa na alama ndefu, nyekundu, imeanza kutunga usaha kandokando. Vijistari vifupi, kimoja juu ya kingine. Kobe aliishika klipu kwa ncha za vidole, akailaza kando ya kidonda, bila kukigusa. Tundu kwa mstari, tundu kwa mstari.

"Birika lenu lina meno," alisema Mama Kola kutoka mlangoni.

Kaunta alimgeukia binti.

"Tumetoka tumbo moja, mimi na baba yako. Kaunta hii nimeikalia tangu hujazaliwa. Kila mteja ananijua mimi, hamjui yeye. Halafu ananikusanya na vibarua, ananiambia nipige makofi kwa sababu funguo zinakwenda kwa mtu baki. Mtu aliyekuja hapa kuomba kazi ya kupasua kuni."

"Na baba alipokuwa anapiga kelele," binti alisema, "ulikuwa umekaa kitini unapimwa presha."

"Nilikuwa nimekaa."

"Ukasubiri."

Kaunta alifunika uso kwa mkono mmoja. Ule wa kushoto aliuacha palepale mezani, wazi, kana kwamba si wake tena.

Nesi alikuwa akikusanya vyombo vyake.

"Siku ile mashine yangu ilisema kweli," alimwambia Kobe kwa sauti ya chini. "Mimi ndiye niliyeandika kwenye kadi 'apunguze chumvi'."

*

Mkuu wa kituo alisoma ukurasa mpya hadi mwisho, akaurudia. Mhuri ulikuwa tayari mkononi mwake.

"Na juu nitawaambia nini? Nilishawaahidi jina."

"Jina lipo, afande. Limebadilika tu."

"Kobe wewe," Mkuu alisema, akagonga mhuri.

Walipomtoa fundi wa boila, alisimama kwenye korido akipepesa macho. Binti alikuwa kwenye benchi lilelile. Hakunyanyuka. Alisogea pembeni, akapiga kiganja kwenye nafasi iliyobaki, naye akaketi, wakaacha pengo la mtu mmoja katikati yao. Kwenye pengo lile binti aliliweka bakuli, akafungua kitambaa cha bluu.

"Kimepoa," alisema.

"Sijali."

"Nilikuwa nakileta kila siku. Sikuweza kukupa."

Fundi alilitazama bakuli, asile.

"Ningekuwa wewe, hata mimi nisingempa mtu kama mimi," alisema.

Kobe alikuwa mlangoni, anajifanya anasoma tangazo la ukutani. Fundi akaanza kula, kwa mkono, haraka, kama mtu aliyekumbuka njaa ghafla.

"Boila imemwagwa maji?" aliuliza kati ya tonge na tonge.

"Hakuna aliyejua kuimwaga."

"Nitaimwaga leo jioni. Kesho niwashe." Akasita. "Lakini kesho mashine haziwezi kuanza. Mzee hayupo wa kupiga ya kwanza."

Binti aliokota chembe ya chakula iliyodondoka benchini, akaitia kwenye kona ya kitambaa.

"Ya kwanza nitapiga mimi. Baba alishasema. Wewe lete mvuke."

Fundi aliitazama blauzi yake, mikono mifupi, ngozi isiyo na alama hata moja.

"Basi njoo na koti," alisema. "Na mikono uishushe mpaka mwisho."